Kabla Hujampa Kura: Vidokezo vya Kuchagua Kamati ya Wavuvi

Tangu Mei 1977, uwindaji wa wanyama wa mwituni ulipopigwa marufuku nchini Kenya, windo lililobaki wazi kwa mtu wa kawaida hapa pwani ni la baharini. Mvuvi anayetoka alfajiri Mji wa Kale, akapita chini ya kuta za Ngome ya Yesu na mshipi wake, ni mwindaji kamili. Anajua windo lake linalala wapi, linakula nini na linatembea na maji gani. Na kama wawindaji wote, anahitaji watu wa kuhakikisha kuwa windo halimaliziki.

Hapa kwetu watu hao ni kamati ya BMU (Beach Management Unit), chombo cha wavuvi kilichowekwa na kanuni za mwaka 2007 na kutambuliwa tena na sheria ya uvuvi ya 2016. Wajumbe huchaguliwa na wanachama na hawalipwi mshahara. Maamuzi yao yanamfuata kila mkaazi wa kisiwa hiki cha Mombasa mpaka jikoni, kwenye changu, tafi na pweza.

Kwa kuwa kiti hakina mshahara, watu hukichukulia kuwa kitu cha kupeana: mpe fulani, ni mtu mzima, ana nafasi. Mimi naona kiti cha kujitolea ndicho kinachotaka maswali mengi zaidi. Mwenye mshahara anaogopa kuupoteza. Anayejitolea haogopi hasara hiyo, kinachomshika ni tabia yake tu. Basi tabia ndiyo ya kuchunguza, na wakati wa kuichunguza ni kabla ya kura.

1. Anza na daftari la wanachama

Uchaguzi mwingi wa wavuvi huharibikia kwenye daftari, kabla hata mtu hajatangaza nia. Mwanachama ni yule anayetegemea uvuvi wa bandari hiyo na ameandikishwa: mwenye chombo, nahodha, baharia, mchuuzi, mama karanga (muuza samaki wa kukaanga), fundi wa mashua, mshona nyavu. Ukikuta jina la mtu ambaye hakuna anayemjua ufuoni, uliza. Ukikuta jina la marehemu, liondolewe mapema na kwa heshima. Orodha ibandikwe pale pale samaki anapopimwa, wiki mbili kabla ya kura, na asiyejua kusoma asomewe kwa sauti.

Suala la wageni lizungumzwe wazi. Wakati wa kaskazi huja wavuvi wa dago, wengi wao kutoka Pemba, wakakaa miezi kadhaa kisha wakarudi kwao. Ni ndugu zetu, na wengine wameoa hapa. Je, wana kura? Jibu liwemo kwenye katiba ya BMU yenu, na lijulikane kabla ya msimu kuanza. Likingoja mpaka asubuhi ya uchaguzi, litaamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Usidharau daftari ukidhani ni karatasi tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya kule. Fidia kama hiyo hailipwi hewani. Inaulizwa nani mvuvi, anavua wapi, kwa chombo gani, na nani anamjua. Sisi tunaoishi ubavuni mwa bandari ya Kilindini, ambako kuchimbwa na kujengwa hakujaisha, tuna kila sababu ya kumtaka katibu anayeandika majina vizuri, anayafuta kwa haki, na hayauzi.

2. Jua kazi yenyewe kabla ya kumjua mgombea

Kamati huandikisha vyombo na wavuvi, huweka hesabu ya samaki wanaoshushwa, hutunza usafi wa bandari, husuluhisha ugomvi wa nyavu, hushirikiana na maafisa wa uvuvi kwenye doria, na husimamia sheria ndogo ambazo wanachama wenyewe wamezipitisha. Chombo kisiporudi jioni, wajumbe ndio wanaogongewa mlango usiku. Mwombe mgombea akutajie kazi tatu kati ya hizo, na aseme ipi ataanza nayo. Anayejua atakujibu papo hapo.

3. Hesabu makundi, kisha hesabu majina

Mombasa imeijua siasa ya makundi tangu kale. Miongoni mwa Waswahili wa mji, Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walikuwa na tamimu (kiongozi) wao, na muungano wa pili, Tisa Taifa, wakawa na wa kwao, kwa sababu hakuna upande uliokubali kusemewa na mwenzake. Ufuoni pia ni hivyo. Tajiri mwenye mashua na jarife anataka chombo kitoke kila siku. Baharia anataka mgao wa haki. Mchuuzi anataka bei ya chini, mama karanga anataka samaki wadogo wa kukaanga wafike kwake kabla hawajachukuliwa na gari la barafu. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna anayeweza kuisema haki ya mwenzake kwa uchungu ule ule.

Kwenye Ziwa Victoria, miongozo ya BMU imegawa viti kwa hesabu: asilimia 30 kwa wenye vyombo, 30 kwa mabaharia, 10 kwa wachuuzi na 30 kwa wadau wengine, ndani ya kamati ya watu 9 hadi 15. Chukueni fikra hiyo mkapime kamati yenu. Jiulizeni hasa kuhusu matajiri. Baharia mwenye deni kwa tajiri wake hawezi kumpinga kikaoni, hata akipewa kiti. Kamati ya watu 12 ikiwa na matajiri wanne na mabaharia wanne wanaodaiwa na matajiri hao hao, mna matajiri wanane. Hili halisemwi sana kwa sababu linatia haya, lakini ndilo linaloamua kura nyingi za ndani.

Na wanawake. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa visizidi thuluthi mbili ya jinsia moja, lakini zipo bandari zinazojaza nafasi za wanawake kwa majina ya wake na binti za wajumbe. Mama karanga aliyekaa sokoni miaka mingi ana kumbukumbu ya bei, ya ukubwa wa samaki na ya msimu kuliko daftari lolote. Anajua ni lini tafi walianza kuwa wadogo. Mwambieni agombee kwa jina lake, na kwa kiti chenye kazi. Mweka hazina, kwa mfano.

4. Panga siku kwa kalenda ya bahari

Siku mbaya huchagua kamati mbaya, kwa kuwa wanaofika ni wale wasiokuwa na kazi siku hiyo. Wakati wa bamvua maji yakitoka sana, watu wa pweza na wa malema wako mwambani. Katikati ya kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari imetulia na kila chombo kiko nje. Ramadhani kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani.

Kusi ikivuma, vyombo vidogo vikapumzika, ndipo watu wanapatikana. Chagueni Ijumaa, siku ambayo wavuvi wengi wa Mji wa Kale hawaendi baharini, na mkutano uwe baada ya sala ya Ijumaa, umalizike kabla ya alasiri. Wavuvi wa usiku watakuwa wameamka na mama karanga hawajawasha moto.

5. Uliza swali la jamaa

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningependa ukishike kuliko vyote. Kisiwa hiki ni kidogo. Kuanzia Kibokoni mpaka Mkanyageni, mtu na mtu wana ujamaa, na kama si wa damu ni wa ndoa, wa chuo au wa kunyonyeshana. Mjumbe wa kamati hatakutana na mvunja sheria asiyemjua. Atakutana na mpwa wake.

Basi muulize mgombea mbele ya watu: mtoto wa dada yako amekamatwa akivua kwa juya, wavu uliopigwa marufuku, amekuja nyumbani kwako usiku na mama yake analia, utafanya nini? Kisha nyamaza.

Kuna atakayesema kwake hakuna mvunja sheria. Huyo hajajibu. Kuna atakayesema atamtia ndani bila huruma, na watu watapiga makofi. Huyo mpe muda, kwa sababu maneno makali ni mepesi kabla ya usiku wenyewe kufika. Jibu ninaloliamini mimi ni la anayesema: nitamwambia dada ukweli kwamba sina uwezo wa kulifuta, na kikao kikikaa kwa kesi hiyo nitatoka nje, wenzangu waamue bila mimi. Mtu huyu ameelewa mambo mawili: kwamba ujamaa hauondoki kwa kuapishwa, na kwamba dawa yake ni kujitenga na uamuzi. Ombeni hilo liandikwe kwenye sheria ndogo: mwenye ujamaa na mshtakiwa haketi. Likishaandikwa, mjumbe anapata pa kujifichia mbele ya dada yake, na hilo ni jambo la huruma kwake pia.

Uzito wa swali hili unatokana na juya lenyewe. Wavu huo unakokotwa chini, unang'oa nyasi za bahari, unavunja matumbawe na kuzoa samaki wachanga ambao hata sokoni hawana bei. Ulipigwa marufuku mwaka 2001 pamoja na bunduki za kuchomea samaki, na bado unaonekana. Kuvua kwa juya kunahitaji watu wengi, na kijana asiye na chombo wala nyavu hupata mgao kwa kuvuta kamba tu. Mgombea mwenye busara atakwambia pia kijana huyo atakula nini juya likichukuliwa. Asiyekuwa na jibu la pili, jibu lake la kwanza halitadumu.

6. Mpeleke mgombea baharini kwa maswali

Kuongea vizuri barazani ni kipaji, lakini si kipaji tunachokitafuta hapa. Maswali haya matatu yanatosha kumjua anayeijua bahari.

La kwanza, mipaka. Mbuga ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ina eneo la kilomita 10 za mraba ambako hakuvuliwi kabisa, na kuzunguka hapo kuna hifadhi ya kilomita 200 za mraba ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mgombea aeleze mpaka huo unapita wapi kwa alama za nchi kavu ambazo nahodha anaziona. Ramani ya ofisini haimsaidii mtu aliye ndani ya mtumbwi.

La pili, kasa. Amenasa kwenye jarife, yu hai, na wavu utaharibika ukimtoa. Nani analipa wavu? Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa. Haimshonei mvuvi wavu wake. Sikiliza kama mgombea amewahi kulifikiria pengo hilo.

La tatu, kufunga eneo. Kuruwitu, kaskazini yetu, wavuvi waliamua mwaka 2005 kutenga hekta 30 za bahari yao wenyewe zisivuliwe, na samaki wakarudi. Je, mgombea wako yuko tayari kulisimamia wazo kama hilo, na angeanza kuzungumza na nani? Anayetaja kwanza wale watakaopoteza sehemu yao ya kuvulia anaijua kazi. Kufunga eneo bila kuwasikiliza wanaolitegemea ni kuwafundisha kuvua usiku.

7. Mweka hazina achaguliwe peke yake

Msimpitishe mweka hazina kwa orodha. Fedha za BMU ni ndogo, makato kwa kila kilo inayopimwa, ada za uanachama, pengine ruzuku ya mradi, na kwa udogo wake hazina mkaguzi anayezikimbilia. Mtake mtu anayeandika kila siku. Fedha zisiingie kwenye simu ya mtu binafsi hata kwa siku moja. Fungueni namba ya malipo ya kikundi na akaunti yenye sahihi tatu. Hesabu ibandikwe kila mwezi karibu na mizani, kwa tarakimu kubwa.

Gazi, kusini mwa Mombasa, jamii ya mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ukaa ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Siri yao moja haina ufundi wowote: jamii inakaa barazani na kukubaliana fedha zifanye nini, kisha inaona bomba likitoa maji. Mweka hazina wenu naye awe mtu asiyeudhika anapoulizwa.

8. Kura iwe ya siri

Tunalikumbuka neno mlolongo. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU ulifanywa kwa watu kujipanga nyuma ya mgombea au picha yake, na Kenya nzima ilijifunza mtu anapiga kura vipi akiwa anatazamwa na anayemlisha. Ufuoni jambo hilo ni zito zaidi. Baharia akinyoosha mkono kumpinga tajiri wake leo, kesho atasikia chombo kimejaa.

Karatasi, kalamu, sanduku na pazia vinapatikana kwa gharama ndogo. Wasiosoma wapewe alama: mgombea mmoja nanga, mwingine tanga, mwingine dema. Kura zihesabiwe hadharani, karatasi moja moja ikiinuliwa juu. Msimamizi awe afisa wa uvuvi wa kaunti, au mtu wa nje anayeheshimika, asiye na chombo wala deni pale bandarini. Na akidi itangazwe kabla: watu wangapi wakifika ndipo kura ihesabike. Msiogope kuahirisha.

9. Chai ya kampeni

Ukiletewa, kunywa kama una kiu, lakini muulize mletaji: kiti hakina mshahara, hizi fedha utazirudishaje? Ikiwa nyuma yake yupo mwanasiasa, kamati itafunguliwa na kufungwa kwa ratiba ya siasa, na nyavu na injini za msaada zitagawiwa kwa walioshangilia. Tazameni pia wenzetu wa Tanzania. Vijiji vyenye jumuiya za wanyamapori, kama Ngarambe na Tapika kule Rufiji, huchagua wawakilishi wa kusimamia eneo ambalo mapato yake yamekuwa yakitokana na uwindaji wa kitalii. Palipo na mapato ya windo, atatokea anayetaka kukaa karibu na mfuko. Wachaguaji wakiwa macho mapema, hana nafasi.

10. Mchanganye mzee na kijana

Mzee anajua miamba na anajua ugomvi wa miaka 30 uliopita ulimalizwaje. Kijana anajaza takwimu kwenye simu na anasoma barua ya kaunti mpaka mwisho. Bandari yenye kamati ya wazee watupu hukosa mikutano kwa sababu hakuna aliyeona ujumbe. Yenye vijana watupu hukosa kusikilizwa na manahodha. Kiti cha mwenyekiti si lazima kiende kwa umri; kwa baadhi ya bandari, kijana mwenye subira akiwa na makamu mzee ni mpango mzuri zaidi kuliko kinyume chake, maana mzee anabaki na heshima ya kushauri bila kubeba faili.

11. Makabidhiano siku hiyo hiyo

Kura ikiisha, watu wasitawanyike. Kamati iliyotoka itoe daftari la wanachama, vitabu vya takwimu, muhuri, funguo za banda, injini ya doria kama ipo, na karatasi ya salio la benki, vyote mbele ya macho ya wanachama, na sahihi zitiwe pale pale. Kitu kisichokabidhiwa mchana ule hugeuka kesi.

Tangazeni pia, kabla ya dua ya kufunga, tarehe ya mkutano wa kwanza wa kuulizana, miezi mitatu mbele, na namna mjumbe asiyehudhuria anavyoweza kuondolewa. Ni haki yake kujua siku anayoingia.

Waliokosa viti waitwe mbele majina yao yakingali midomoni mwa watu. Aliyepata kura 40 akashindwa na wa 43 ana wavuvi 40 wanaomwamini. Apewe kamati ndogo ya doria, au ya takwimu, au ya uokoaji, na aanze wiki hiyo hiyo.